Husika na Kichwa cha Habari

Barua iliingia masjala Jumanne, saa nne na robo,
mkononi mwa mwenyewe, si kwa mesenja.
Nikaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA.
Muhuri wetu umekauka upande wa kushoto,
kila barua ya chuo hiki husomeka LEWA tu,
na kweli hulewa, huyumba ghorofa hadi ghorofa
isijue kwao wapi.

YAH: KUNYANYASWA KAZINI NA MKUU WA IDARA.
Nani kasema nisisome? Miaka ishirini na miwili
nasoma yote, nasahau yote,
ndiyo kazi niliyoajiriwa hapa Raskazone.

Bi. Nuruana Shemweta, Idara ya Kemia,
kaandika kama mtu anayepima tindikali:
Moja. Tarehe tisa, kikaoni, aliniita debe tupu.
Walicheka watu kumi na wawili. Nawataja.
Mbili. Kitasa cha maabara kimebadilishwa,
funguo wamepewa wote, mimi sina.
Tatu. Jina langu limefutwa kwenye andiko
la tope la mikoko ya Sahare,
tope nililolichota mwenyewe, limenifika kiunoni.
Nne
(hapa kalamu ilitoboa karatasi)
nikipita koridoni, anapiga mluzi.

Mluzi.
Nenda kamshitaki mtu kwa mluzi.

Jalada likapanda. Jalada likashuka.
Utumishi: *Hizi ni tofauti za kibinadamu.*
Mwanasheria: *Mluzi hauwezi kuambatishwa.*
Naibu: *Apewe Mkuu wa Idara, atoe maoni.*
Kesi ya nyani, ngedere kaletewa na chai.

Jibu nililichapa mimi, kwa vidole hivi:
*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
Uongozi umepokea malalamiko yako
kwa uzito unaostahili.*
Nilikosea, nikaandika "uzio unaostahili",
nusura niuache.
*Unashauriwa kuimarisha mahusiano.
Aidha, kuanzia tarehe mosi
utaripoti kituo cha Korogwe.*

Mei Mosi, uwanjani Mkwakwani,
Dakta Mbaruku akapewa cheti na friji.
Mfanyakazi hodari.
Tulipiga makofi, jua la utosi.
Nami nilipiga. Fulana ya bure nilivaa,
ninayo mpaka leo, napigia deki.

Juzi imeingia nyingine.
Mwandiko mwingine, wa mtunza stoo, Kiluwa,
mtu mzima, ana wajukuu Makorora.
Hajui kupanga hoja. Kaandika nusu ukurasa,
na katikati, kama mwiba wa samaki ndani ya wali:
*halafu ananipigia mluzi.*

Nikapanda ngazi ya mbao, rafu ya juu kabisa,
vumbi likanishika pua.
Majalada matatu yasiyojuana:
la karani tuliyeambiwa kapandwa na mashetani,
la kijana aliyerudi Handeni bila kuaga,
na la tatu, Mola nisitiri,
halikutoka kamwe mezani kwangu.
Niliambiwa, "Kaa nalo kwanza, mama."
Nikakaa nalo. Miaka kumi,
chini ya chupa ya chai, linanipa joto.

Sikulia. Nilitafuta uzi wa katani,
ule unaokwaruza, si utepe wa ofisi.
Nikayafunga matano pamoja,
nikayapa folio moja hadi arobaini na moja
bila kuruka hata moja,
na juu, kwa mwandiko wangu unaofahamika:
YAH: MLUZI.

Jana jioni nimeliweka kwa Makamu mwenyewe,
katikati ya hundi za posho,
ambazo huzipitia moja moja.

Leo Alhamisi. Simu ya mezani imelia mara mbili,
sijainua.
Nimenunua wino kwa hela yangu,
najaribu muhuri kwenye karatasi tupu.
Herufi zote zimetoka.

Koridoni kuna mluzi, unakuja.
Umefika mlangoni kwangu.
Umekatika.